Karatasi ya Shemeji na Maneno ya Waungwana

Nilipaswa kusema hapana siku ile mke wangu aliponipa karatasi ya mdogo wake niifungie kwenye sanduku langu la bati. Ilikuwa saa nane mchana, tumetoka ofisi ya wakimbizi, tumechoka kwa foleni. Tangu tulipopanda taxi shemeji yangu alikuwa ameikumbatia karatasi hiyo kifuani kama mtu aliyebeba yai. Tulipofika nyumbani aliiweka mezani akaenda kuoga. Mke wangu akaichukua.

"Baba, iweke pamoja na zako. Kule Point, saluni, wanaiba mikoba kila siku."

Hiyo ilikuwa sababu ya kusikiwa na watu. Ya pili aliisema kwa sauti ndogo, maji yakimwagika bafuni: "Wale wasichana wawili tuliwafundisha kusuka, wote walienda Joburg. Huyu bila karatasi hawezi kufika fasi yoyote."

Ya pili niliielewa vizuri kuliko ya kwanza. Nikasema, "Sawa." Nikafungua sanduku, nikailaza karatasi juu ya diploma yangu ya sekondari, nikageuza ufunguo. Shemeji alipotoka bafuni akauliza iko wapi. Nikamwambia iko salama, naye akanishukuru.

Kwa asiyejua maisha yetu, mkimbizi hapa Durban anaishi kwa karatasi. Ndiyo inayomruhusu kutembea, kufanya kazi, kusoma. Ina tarehe ya kufa, na kabla ya tarehe hiyo lazima iongezewe uhai, yetu kila miezi sita. Askari akikusimamisha huna karatasi, au unayo lakini imekufa, maneno yako yote hayana uzito.

Shemeji alikuwa na miaka ishirini na saba. Kule Uvira alikuwa amesoma uuguzi miaka miwili vita vilipomtoa darasani. Alikuja kwetu ghorofa ya saba, South Beach, tukampa kitanda katika chumba cha binti yetu. Asubuhi aliamka wa kwanza, akapika, akafua, kisha akatembea na mke wangu hadi saluni yetu ya Point. Huko alisuka mpaka vidole vikakakamaa. Jioni mke wangu alikaa kuvua viatu, yeye akaingia jikoni kusonga fufu, ugali wetu wa muhogo. Hatukumwita mfanyakazi. Mfanyakazi ana mshahara na siku ya kupumzika. Yeye alikuwa ndugu, na ndugu hana saa ya kutoka kazini. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na mimi sikuwahi kuliangalia jambo hilo kwa upande wake.

Kila miezi sita nilimsindikiza ofisini mwenyewe. Nilimpa karatasi mlangoni, akaingia, akatoka na tarehe mpya, nikanyoosha mkono. Mara ya kwanza alinipa bila kufikiri. Mara ya tatu aliishika kidogo kabla ya kuiachia.

"Shemeji, miye naweza kuitunza. Siko mutoto."

"Najua hauko mtoto. Lakini ikipotea?"

"Ikipotea ni yangu njo itakuwa imepotea."

Nilicheka, nikaitia mfukoni. Nilidhani ametania.

Wakati huo nilikuwa mlinzi wa magari kwenye maegesho ya duka moja kubwa. Tulikuwa Wakongomani wengi na Watanzania wawili, wote tumevaa fulana za kung'aa, tukiwaonyesha madereva nafasi na kuwasukumia watu vikapu. Mwenye kampuni iliyotuweka pale alikuwa na tabia ya kuzishika karatasi zetu kama dhamana. Ukitaka kwenda ofisini kuongeza tarehe, unamwomba. Akikasirika, anakwambia urudi Ijumaa. Wenzangu walinichagua niandike barua kwa sababu mimi nilikuwa na diploma, na mkono wangu ni mzuri.

Niliiandika Jumapili mchana, nyumbani, karatasi nimeiegemeza juu ya lile sanduku la bati kwa kuwa meza yetu ilikuwa inayumba. Niliandika kwamba mtu amezaliwa huru. Niliandika kwamba karatasi ya mtu ni kama ngozi yake, na haifai kukaa mfukoni mwa mwingine hata kwa siku moja. Niliandika kwamba tunafanywa watumwa. Sentensi hiyo niliirudia mara mbili kwa kuwa ilinipendeza. Shemeji aliniletea chai, akaweka kikombe mbali na karatasi ili kisiimwagikie, akarudi kupiga pasi.

Mwenye kampuni alisoma barua, akaguna, akazirudisha karatasi zote. Wenzangu walinibeba juujuu kati ya magari. Hadi leo wako wanaoniita Avoka, yaani wakili.

Naeleza haya ili ieleweke kwamba nilijua. Siwezi kusema sikuwa na elimu.

Binti yetu alipoingia chuo kikuu, mwaka wa kwanza, walimpa insha ya historia. Aeleze ilikuwaje watu wa Amerika walipigania uhuru wao kutoka kwa mfalme wa Uingereza huku wakiwaweka watu wengine utumwani. Akaja na kompyuta yake mezani Jumapili baada ya kanisa. Mke wangu alikuwa anapaka rangi kucha, shemeji yuko jikoni anachemsha chai. Nilifurahi sana. Somo hilo nililijua.

Nilimweleza kama nilivyofundishwa sekondari, kwa Kifaransa, na mwalimu aliyekuwa akipiga ubao kwa rula kila alipofika kwenye neno uhuru. Kodi ya chai, mfalme asiyesikia, mabwana waliokaa chumbani katika joto wakaandika kwamba watu wote wameumbwa sawa na kwamba uhuru wao umetoka kwa Mungu. Tulikariri mpaka tukasisimka. Darasa zima tulikuwa Waafrika, na hakuna aliyeuliza Waafrika walikuwa wapi siku hiyo.

"Papa, yule aliyeandika maneno hayo alikuwa na watumwa," binti yangu akasema.

"Kidogo?"

"Si kidogo. Na alipoenda kuandika, alienda na mmoja wa kumtumikia."

"Hapo hapo?"

"Hapo hapo. Na wao walikuwa wanasema mfalme anawafanya watumwa kwa sababu ya kodi. Wanalitumia neno lile lile. Kwenye tamko lao la uhuru yule mwandishi aliweka hata maneno ya kumlaumu mfalme kwa biashara ya watu, wenzake wakayafuta."

"Waongo wakubwa," nikasema.

"Wazungu," mke wangu akasema, akapuliza kucha.

Binti yetu akaendelea kusoma na kututafsiria. Kiongozi wao wa kwanza, yule jenerali aliyeshinda vita, alikaa katika jimbo lenye sheria kwamba mtumwa aliyeletwa kutoka nje akikaa humo miezi sita mfululizo anaweza kudai uhuru wake. Basi kabla miezi sita haijatimia alikuwa akiwavusha mpaka kwa siku chache, halafu anawarudisha, hesabu inaanza upya.

Mke wangu alicheka. "Huyo alikuwa na akili ya mulango ya nyuma."

Mimi pia nilicheka. Shemeji alikuwa ameingia na birika. Hakucheka.

"Miezi ngapi?" akauliza.

"Sita, mama mdogo."

"Sita," akasema, akaanza kumimina.

"Lakini mmoja alimshinda," binti yangu akasema. "Mwanamke. Alikuwa anamshonea mke wa huyo kiongozi na kumvalisha. Siku moja wao wanakula, yeye akatoka, akapanda meli. Wakatuma watu wamfuate. Hakurudi. Alizeeka huko huko, maskini, na sheria ilimhesabu mtoro mpaka anakufa."

"Alisukaka huyo bibi nywele?" shemeji akauliza.

"Sijui. Labda alizichana."

Mke wangu akataka kujua neno moja ambalo binti yetu alikuwa akilitaja kwa Kiingereza, lile la kuwaita mabwana hao, gentlemen. Hapo nikapata nafasi yangu tena. Nikamwambia kwa Kiswahili ni waungwana. Nikawaeleza kwamba Kiswahili chetu cha mashariki ya Kongo wazee walikiita Kingwana, lugha ya waungwana, na kwamba leo muungwana ni mtu wa adabu, lakini zamani neno lilikuwa na maana moja tu, mtu ambaye si mtumwa.

"Donc, kwa hiyo," nikasema, nimeinua kidole kama mwalimu wangu, "pasipo mtumwa kusimama pembeni, hakuna muungwana. Andika hiyo. Profesa wako hatakuwa nayo."

Binti yangu aliiandika kweli. Shemeji alikuwa bado amesimama na birika.

"Na miye, shemeji, hapo niko nani?"

"Wewe uko ndugu."

"Sikuuliza ukoo."

"Mimina chai, itapoa," mke wangu akasema.

"Niko namimina, dada."

Binti yangu aliacha kuandika. Akamtazama mama yake mdogo, kisha akanitazama mimi.

"Papa, karatasi ya mama mdogo iko wapi?"

"Iko."

"Iko wapi?"

"Iko salama."

"Nimeuliza fasi, Papa. Sikuuliza hali."

Mke wangu akamwambia asizungumze na baba yake hivyo. Binti hakupandisha sauti. "Si wewe uliandikia boss ile barua? Karatasi ya mtu isikae mfukoni mwa mwingine?"

"Yule alikuwa boss. Hapa ni nyumbani."

"Eish, Papa. Na wao walisemaka vile."

Hakuna aliyegombana. Tulikunywa chai. Nakumbuka shemeji alikunywa yake amesimama, karibu na dirisha, na kwamba viti vilikuwa vitano na sisi tulikuwa wanne.

Kuna jambo hawakulijua wote watatu. Karatasi iliyokuwa sandukuni ilikuwa imekufa. Tangu korona kazi ya kuongeza tarehe ilikuwa imehamia mtandaoni, na mimi ndiye niliyekuwa nikituma maombi kwa simu yangu. Zamu hiyo ya mwisho nilichelewa. Nilikuwa na homa, kisha nikasahau, kisha nikakumbuka tarehe imepita kwa siku kumi na moja. Nikatuma. Jibu halikuja. Nikatuma tena. Kila asubuhi nilifungua simu, sikukuta kitu. Ningemwambia shemeji, angeenda mwenyewe akasimama kwenye foleni na kujieleza, na labda mtu angemsikiliza. Sikumwambia. Ningeanzaje? Nilikuwa nimejifanya mtunzaji, nikashindwa kutunza. Sasa sanduku lilibaki limefungwa kwa sababu ya aibu yangu, na ufunguo uliendelea kulala mfukoni mwangu kama kawaida.

Jumatatu iliyofuata shemeji alinisubiri mlangoni, amekwisha kuvaa.

"Shemeji, kuna chuo kule Greyville, wanafundisha kutunza wazee. Mwaka moja. Wamesema uuguzi yangu ya Uvira inasaidia. Kujiandikisha kunafungwa Ijumaa. Wanataka karatasi yenyewe, si kopi."

"Ni jambo jema," nikasema.

"Najua ni jema. Nipe."

"Ngoja niongee na dada yako."

"Dada yangu njo ofisi ya wakimbizi?"

Nilizungumza na mke wangu, au niseme nilimsikiliza. Alisema sikukuu zinakaribia, wateja wanapanga mstari, nani atasuka. Alisema mwaka ujao hakuna atakayemzuia. Alisema, "Tulimutoa kwenye vita, Baba. Tulimupa kitanda. Sasa tuko wabaya?" Aliumia kweli. Hakuwa mwanamke mkatili; aliwalisha watu wengi wa kwetu waliofika Durban bila kitu. Nilimwambia hapana, hatuko wabaya. Jumanne ikapita. Jumatano nikaondoka mapema ili nisikutane na shemeji mlangoni.

Alhamisi aliniambia mbele ya binti yetu, "Leo."

Nikafungua. Mikono yangu ilitafuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji, maana sandukuni hamkuwa na vitu vingi. Nikampa. Aliikunjua pole pole, akaisoma kama muuguzi anavyosoma kadi ya mgonjwa, jina kwanza, mwisho tarehe.

"Hii ilikufa mwezi wa tatu."

"Nilituma maombi."

"Tuko mwezi wa kumi na moja."

"Hawajajibu. Nilituma mara nyingi, naweza kukuonyesha simu."

"Na hukusema."

"Sikutaka uwe na wasiwasi."

"Miye natembea kila siku mpaka Point, napita polisi, nawasalimia 'sawubona', nadhani nyumbani niko na karatasi." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Kumbe sina kitu. Natembea tu."

Binti yangu aliniuliza, "Ulijua, Papa?"

"Nilijua."

Ijumaa shemeji alikwenda Greyville na karatasi ile ile. Walikuwa na upole, alisema, lakini mtu mwenye karatasi iliyokufa hawawezi kumwandika. Mimi nilikwenda ofisi ya wakimbizi. Nilisimama tangu asubuhi, na nilipofika mbele kijana wa mlangoni akaniuliza kama mimi ndiye mwenye karatasi. Nikasema mimi ni shemeji yake, ndiye ninayemtunzia. Akasema, "Mwenyewe aje, baba." Mwenyewe akaja na mimi Jumatatu, na foleni ikafungwa kabla yetu. Jumanne vile vile. Jumatano hakuja tena, na sikuwa na haki ya kumlazimisha.

Jumamosi saluni ilikuwa imejaa. Alikuwa anamsuka mteja rasta ndefu, amemaliza nusu ya kichwa. Akanawa mikono, akamwambia mteja "samahani, dada," akatoka. Mke wangu alidhani anakwenda kununua uzi. Kichwa kile alikimaliza mke wangu mwenyewe, analia, mteja anamfariji.

Tulimtafuta kwa simu, kanisani, kwa wanawake wa sokoni. Baada ya majuma matatu mama mmoja anayeuza vitenge akatuletea habari. Alikuwa amepanda basi kwenda Joburg. Basi likasimamishwa barabarani, wakaomba karatasi. Wakamshika. Nilipiga simu kila namba niliyopewa. Wengine walisema hayupo, wengine wakasema niandike barua. Nikaandika barua, mimi Avoka, kwa ule mkono wangu mzuri. Niliandika kwamba kosa ni langu, kwamba yeye hakuwahi kuishika karatasi yake hata wiki moja. Sijui kama kuna aliyeisoma. Mwezi wa pili tukasikia amerudishwa, amevuka, ameonekana Uvira kwa mama yake. Baadaye vita vikafika Uvira tena, na tangu hapo hatujasikia kitu.

Nimewafikiria sana wale mabwana wa Amerika. Siku ile mezani niliwaita waongo. Sasa naona uongo ungekuwa jambo jepesi, kwa sababu mwongo anajua ukweli uko wapi. Nadhani waliamini kila neno waliloandika. Nami niliiamini barua yangu kwa mwenye kampuni; hata leo nikiisoma naiamini. Niliiandika kwa moyo wote, na nilipoinua macho kupokea kikombe cha chai sikumwona aliyekileta. Wengine wao, alisema binti yangu, waliuchukia utumwa na waliandika kwamba unawaogopesha, na bado walikufa wakiwa na watumwa, kwa kuwa kuuacha kungewasumbua. Hilo pia nalielewa. Ningesumbuka kidogo. Mke wangu angenuna, saluni ingekosa mtu, chakula kingechelewa. Ni hayo tu yaliyokuwa upande wa pili wa mizani.

Mke wangu hazungumzi habari hii. Saluni ameifunga, anasema mgongo. Tunakaa wawili katika ghorofa ya saba, na ninasonga fufu mwenyewe, vibaya.

Binti yetu alihama mwezi ule ule habari zilipofika. Amepanga Greyville, karibu na uwanja wa mbio za farasi, kutoka kwetu si mwendo wa taxi hata nusu saa. Insha yake ilipata alama nzuri, nilisikia kwa mtu mwingine. Ameolewa, mahari ilipokelewa na kaka wa mke wangu, sikuitwa. Ana mtoto wa kike. Mara mbili nimekwenda mpaka chini ya jengo lake nikabonyeza kengele, na mara zote mbili nilisikia sauti yake ikisema, kwa adabu, "Mzee, tafadhali rudi nyumbani." Hakusema Papa.

Kwa kufungia karatasi moja nilimpoteza shemeji yangu, ambaye sijui kama yuko hai, na nikampoteza binti yangu, ambaye najua yuko hai. Mjukuu wangu ana miaka miwili na hajawahi kuniona.